Kiganja na Pampu Mbili

Jina lake la kwenye vyeti lipo, ila ukilitaja kwenye mtaa wa magereji watakuuliza unamtafuta nani. Sema Kiganja, na hata mbwa wa mlinzi atakuonyesha njia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiziba rejeta, na miaka hiyo yote hakuwahi kumiliki kipimajoto. Gari likiletwa linachemka, alifungua boneti, akaushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja cha kulia, akafumba macho, halafu akatoa hukumu. "Huyu pampu imechoka." "Huyu feni inazunguka kwa kujivuta." "Huyu hana ugonjwa wowote, mwenye gari ndiye haongezi maji." Alisema "huyu" kama daktari wa watoto, na mara nyingi alipatia. Mara alizokosea watu walizisahau, maana mtu akishapewa sifa hata makosa yake huonekana bahati mbaya.

Gereji yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani kulikuwa na tangi la maji la kutafutia matundu, rejeta kuukuu zilizotundikwa ukutani, na kwenye kona birika lililokaa juu ya jiko tangu asubuhi hadi jioni. Wateja walipewa chai kwenye vikombe vya udongo vyenye mkono. Yeye mwenyewe alitumia kikombe cha bati kisicho na mkono, akikikumbatia kwa kiganja kizima, chai ikiwa bado inatoa mvuke, na alikunywa taratibu huku akiongea. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Fundi ni fundi.

Aliyemzidi umaarufu mtaani alikuwa mmoja tu, naye ni dada yake mkubwa. Huyo aliitwa King'ora, kwa kuwa aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na minane, na pia kwa sababu ya sauti yake. Alipostaafu, watu walidhani atakaa kibarazani afume vitambaa. Akanunua gari dogo la milango miwili, injini ya elfu moja na mia sita, gari lenye umri wa kuitwa bibi, akajiandikisha kwenye klabu ya mbio za kupanda kilima. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Mkwewe alipomuuliza kwa heshima kama si vizuri apumzike, alijibu, "Nimekimbiza watu wengine miaka yote hiyo. Sasa nataka kujikimbiza mwenyewe."

Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Gari moja moja hupanda barabara ya kilima, kilomita mbili na nusu kutoka lango la machimbo ya mawe hadi kwenye mnara wa simu, na saa ndiyo hakimu. Kila dereva hupanda mara mbili. Kati ya mara ya kwanza na ya pili magari hushuka na kupanga foleni, injini zimezimwa, yakingoja zamu, na hapo ndipo matatizo ya King'ora yalipoanzia.

Klabu ilikuwa na sheria nyingi, lakini iliyowanyima watu usingizi ni sheria ya maji. Gari likimwaga maji ya rejeta kwenye mstari wa kuanzia, lami inateleza, na gari linalofuata linaweza kuishia korongoni. Kwa hiyo, dereva akimwaga mara ya kwanza, anaandikwa. Akimwaga mara ya pili, anaandikwa kwa wino mwekundu. Akimwaga mara ya tatu, anafutwa kwenye klabu na harudi tena. Aliyeandika alikuwa Katibu, mzee mwembamba mwenye daftari lililofungwa kwa mpira, mtu ambaye hata mkewe alipoegesha vibaya alimwandika. King'ora alikuwa ameshamwaga mara mbili. Msimu mpya ulikuwa unafunguliwa baada ya wiki tatu.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa la kifuniko cha rejeta kilichozeeka, na hilo likasameheka. Mara ya pili ndiyo iliyomla Kiganja moyo. Siku hiyo gari lilikaa foleni nusu saa. Zamu ilipokaribia, King'ora alitoa kichwa dirishani akauliza kama alivyouliza siku zote: "Mdogo wangu, vipi?" Kiganja akaweka kiganja kwenye mpira wa juu, akafumba macho, akasema, "Baridi kabisa. Nenda." King'ora akawasha injini, na kabla bendera haijashuka rejeta ikatapika mbele ya Katibu, mvuke ukapanda juu kuliko watu.

Jumatatu yake, mkewe alipokwenda kununua nyuzi, Kiganja alijifungia jikoni na mabeseni mawili. Moja alilijaza maji ya vuguvugu, jingine maji ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyaoga. Akatumbukiza kiganja cha kulia hapa, akakitumbukiza pale. Kiganja kikanyamaza. Hakikusikia tofauti yoyote. Miaka thelathini na mmoja ya kushika vyuma vya moto ilikuwa imekigeuza soli ya kiatu. Akajaribu kiwiko, na kiwiko kikamfanya aruke na kugonga kabati. Kwa hiyo kiwiko kilikuwa kizima. Lakini hebu fikiria mwenyewe: fundi anayeitwa Kiganja anainama kwenye injini mbele ya watu, anapima kwa kiwiko! Afadhali afunge gereji aende akauze karanga.

Hakumwambia mtu. Mwaka mzima akaendelea kushika mipira na kufumba macho, huku kwa chati akichungulia mshale wa joto kwenye dashibodi za wateja. Aliona aibu. Tena zaidi ya aibu aliona woga, kwa sababu kama kiganja kimekufa, basi yeye ni nani, na dada yake atakuwa na haja gani naye pale kilimani?

King'ora ndiye aliyeleta habari ya pampu ya umeme. Alikuja gereji asubuhi moja, akavaa glavu zake za udereva kabla ya kupokea chai, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Kiganja aliona ni maringo tu, mtu kunywa chai na glavu kama mwanamfalme, lakini dada mkubwa humwambii kitu.

"Wenzangu wote wameweka pampu za umeme," alisema. "Twende tukaone."

Duka la vipuri lilikuwa barabara ya pili. Muuzaji wake, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alijua vipuri kuliko mafundi wengi na alikuwa na subira ya kuwaacha waamini kinyume chake. Aliwatolea maboksi mawili akayaweka juu ya kaunta.

"Pampu mliyonayo inazungushwa na mkanda wa injini," alianza. "Injini ikizima, nayo inazima. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema King'ora.

"Lakini chuma hakijui kwamba umezima. Bado cha moto. Maji yamesimama palepale, yanapikwa. Ukiwasha tena, yameshachemka. Pampu ya umeme inakula betri, haihitaji injini. Unazima gari, yenyewe inaendelea kuzungusha maji mpaka chuma kipoe. Sasa hii kubwa inasukuma lita mia na hamsini kwa dakika. Inakuja na swichi, unaiwasha mwenyewe ukiona kuna haja. Hii ndogo ni lita themanini, lakini ina kisanduku chake na sindano ya kupima joto. Maji yakiwa moto inakaza, yakipoa inapunguza. Haingoji kuambiwa na mtu."

"Kubwa," alisema Kiganja. Alisema haraka mno, kama mtu anayepiga mnada.

Muuzaji akavaa miwani. "Fundi, injini yenyewe ya ukubwa gani?"

"Elfu moja na mia sita. Kubwa ndiyo nzuri. Maji mengi hayajawahi kudhuru mtu."

"Waulize waliozama," alisema muuzaji.

King'ora akacheka hadi mteja wa nje akachungulia. Lakini naye akasema, "Kama mdogo wangu amesema kubwa, basi kubwa."

Msomaji ameshaelewa. Pampu kubwa ilikuwa na swichi, na swichi inahitaji mtu wa kusema sasa washa, sasa zima. Mtu huyo angekuwa Kiganja. Ile ndogo ilikuwa na sindano yake, na sindano haihitaji mtu wa kufumba macho. Kiganja alichagua kama mpishi anayeulizwa kama nyumba inunue chakula cha kopo.

Muuzaji hakubishana. Aliyasukuma maboksi yote mawili. "Chukua zote. Kazijaribu, kesho kutwa nirudishie moja. Niachie sanduku lako la spana, nijue utarudi." Kiganja hakuweza kukataa bila kuonekana anaogopa kujaribu, kwa hiyo akaondoka amebeba maboksi mawili, na mikono ikimwasha kwa kukosa spana.

Majaribio yalifanyika uani kwake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa alizoea kupima watu, Kiganja alimkabidhi saa. Waliiweka rejeta ya King'ora juu ya matofali, na mipira yake yote, pipa la maji upande mmoja na ndoo ya lita ishirini upande wa pili, na ile betri ndogo ya gari, ndogo kama ya pikipiki, ambayo King'ora aliinunua ili kupunguza uzito.

"Boksi linasema lita mia na hamsini," alisema Kiganja. "Ndoo ijae kwa sekunde nane. Haya, hesabu."

Mkewe akahesabu. Ndoo ikajaa kwa sekunde kumi na nne.

"Rudia. Umehesabu kwa mwendo wa cherehani."

Wakarudia. Kumi na nne tena. Wakafunga ile ndogo, na badala ya sekunde kumi na tano zilizoahidiwa na boksi, zikatoka ishirini na mbili.

"Zote mbili waongo," alisema mkewe.

"Si waongo. Kiwandani wanapima bila rejeta, maji yanatoka tu. Hapa yanapita kwenye vijia vyembamba." Aliyasema hayo kwa furaha, maana kazi halisi ilimfurahisha siku zote, na kwa nusu saa nzima alisahau kabisa habari za kiganja. Akapiga hesabu kwa chaki ukutani. Hata kwa mwendo wake wa kweli, ile ndogo ilitosha kwa injini ile, na ikabaki akiba.

Halafu wakaja kwenye betri. Waliunganisha balbu moja ya taa ya mbele pamoja na pampu kubwa, wakaiacha izunguke bila injini, kama gari lililo kwenye foleni. Baada ya dakika arobaini balbu ilikuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Kwa betri ile King'ora angefika mstarini maji yakiwa baridi na gari likiwa haliwaki. Walichaji betri, na baada ya chakula cha mchana wakaweka ile ndogo. Mkewe alimimina birika la maji ya moto kwenye pipa, na sindano ilipoyagusa, pampu ikakaza yenyewe. Alipomimina ya baridi, ikalegea, ikapumzika, ikageuka mara moja moja kama mtu anayejigeuza usingizini. Dakika arobaini zikapita. Balbu ilikuwa nyeupe.

Kiganja alisimama akiikodolea macho. Kisanduku kidogo kiasi cha kiberiti kilikuwa kinafanya kazi yake, tena bila kufumba macho.

"Bado nafikiri kubwa," alisema.

Mkewe akaiweka saa chini. "Baba, unachagua pampu ya gari la wifi yangu au unachagua pampu ya jina lako?"

"Una maana gani?"

"Maana yangu ni kwamba juzi umetoa sufuria jikoni kwa mkono mtupu, ukanipitia mbele nayo ukiniuliza chumvi iko wapi. Mimi ninatumia vitambaa viwili. Mficha uchi hazai, mume wangu."

"Tumeshazaa wanne," alisema Kiganja.

Mkewe hakutaka kucheka, lakini alicheka. Naye Kiganja akacheka, na kicheko kilipoisha akajikuta ameketi juu ya ndoo, amekiangalia kiganja chake kana kwamba ni barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Akamweleza yote: mabeseni, kiwiko, mwaka mzima wa kuchungulia dashibodi, na ile siku aliposema baridi kabisa.

"Mwambie dada yako," alisema mkewe.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya mbio."

Asubuhi iliyofuata alirudisha pampu kubwa. Muuzaji alimpa sanduku lake la spana bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo Kiganja alilishukuru kuliko punguzo lolote. King'ora aliposikia ni ile ndogo alisimama mkono kiunoni. "Ndogo? Juzi ulisema maji mengi hayadhuru." Kiganja akamwambia habari za ndoo, sekunde na balbu. Habari za kiganja akazimeza. "Haya," alisema King'ora. "Wewe ndiye fundi."

Akaifunga pampu chini kabisa, kwenye mpira wa chini wa rejeta, mahali ambapo maji huijaza yenyewe. Ile ya zamani aliing'oa mapanga yake ya kusukumia maji, akaacha gamba lake tu ili mkanda upate pa kupita. Kisha akapandisha magurudumu ya mbele juu ya ukingo wa barabara, pua ya gari ikaelekea mbinguni, akafungua kifuniko na kuiwasha pampu, hewa ikatoka kwa mapovu makubwa na madogo, mpaka likabaki povu moja moja, mpaka kimya. Kimya hicho ndicho kilichomsumbua. Pampu ya mkanda ikiugua hulia, inapiga filimbi, inadondosha maji, mtaa mzima unajua. Hii ya umeme ilizunguka bila sauti, na ikifa ingekufa bila sauti vilevile.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi ya asubuhi na magari kumi na moja. King'ora, namba tano, alipanda mara ya kwanza vizuri, akashuka, akazima injini kwenye foleni. Halafu dereva wa namba mbili akagonga nguzo ya uzio karibu na kileleni. Hakuumia, ila gari lilikaa katikati ya barabara likisubiri kuvutwa. Ikatangazwa foleni ingoje. Dakika kumi, ishirini, thelathini na tano. Jua likatoka. Huku na huku maboneti yakafunguliwa, watu wakapepea injini kwa magazeti. Namba tisa alimwaga, akaandikwa.

Kiganja alisimama mbele ya gari la dada yake. Kutoka ndani ya boneti hakusikia lolote. Inazunguka? Imekufa? Mshale wa joto ulikuwa katikati, lakini mishale nayo hukwama. Aliwasha jiko dogo la gesi akachemsha chai, si kwa kiu, bali kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Kilimani alikuja na vikombe viwili tu, vyote vya bati visivyo na mkono. Akajaza kimoja, akakikumbatia.

Katibu akaja na daftari lake. Alipiga magoti mbele ya kila gari akachungulia chini, na alipofika namba tano alichungulia mara mbili, mara moja kwa kila kosa lililomo daftarini.

"Pakavu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeahirisha shughuli.

"Mheshimiwa Katibu, umesimama kwenye baridi tangu alfajiri," alisema Kiganja, akimhurumia kweli, maana pua ya mzee ilikuwa imeiva. "Karibu chai." Akampa kikombe alichokuwa amekishika.

Katibu alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu.

Ukelele wake ulisikika hadi kwenye mnara wa simu. Kikombe kiliruka, chai ikamwagika chini ya bampa ya namba tano, mvuke ukapanda, na mshika bendera wa mstari wa kuanzia, aliyekuwa mbali asijue kilichotokea, akapiga filimbi na kuja mbio. "Maji! Namba tano amemwaga! Mara ya tatu!"

Watu wakajaa. Kiganja aliona mambo yote kwa pamoja: dada yake amefutwa, mbio zimekwisha, na kisa ni kiganja kilekile, mara hii hata hakikuwa kwenye injini.

"Andika, Katibu!" alisema mshika bendera.

Katibu alikuwa na vidole vinne mdomoni. Akavitoa. "Niandike nini? Angalia chini. Tangu lini rejeta ikawa na majani ya chai? Nimemwaga mimi. Huyu mtu ameshika moto wa jehanamu kana kwamba ameshika yai! Wewe fundi, huo mkono wako una nini?"

Kila mtu akamtazama Kiganja. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akakiinua kiganja, kikaonekana chote, kinene, kimeng'aa.

"Hakisikii," alisema. Halafu akageuka kwa dada yake, aliyekuwa ndani ya gari amevaa helmeti. "Dada, hakisikii. Tangu mwaka jana. Ile siku niliposema baridi, nilikuwa sijui. Nilikuchemshia gari mimi."

King'ora akavua helmeti. Alikuwa akicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini.

"Mdogo wangu, nimebeba watu walioungua miaka ishirini na minane. Unadhani sijui mkono usiosikia? Nilijua mwaka juzi. Ulinipa kikombe kama hicho, nikaficha malengelenge wiki nzima. Kwani unafikiri glavu hizi navaa kwa maringo?"

Kiganja alizitazama zile glavu. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amezicheka moyoni.

"Basi ulijua kabla ya ile siku," alisema. "Na ukaniuliza vipi."

"Nikakuuliza. Mshale ulikuwa juu nikauona, na nikawasha. Sikutaka kukwambia mbele ya watu kwamba umekosea. Kwa hiyo ile ya pili nimemwaga mimi, usinitolee machozi. Na sababu ya kukuuliza ni ileile ya leo. Sijawahi kupanda kilima hiki bila wewe kuniambia nenda, na sina mpango wa kuanza nikiwa na miaka sitini na mitatu."

Filimbi ikalia juu. Barabara ilikuwa wazi. King'ora akavaa helmeti, akafunga mkanda, akatoa kichwa dirishani.

"Mdogo wangu, vipi?"

"Dada, si nimesema hakisi—"

"Weka."

Akaweka. Mpira wa juu ulikuwa wa moto au wa baridi, kiganja hakikujua na hakikujali. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Ndani ya mpira kulikuwa na mtetemo mwembamba, wa haraka, usiokatika, kama koo la paka anayekunwa. Akateremsha mkono hadi mpira wa chini, karibu na pampu. Mtetemo ukazidi. Ngozi iliyokufa kwa moto ilikuwa haijafa kwa hilo. Kumbe pampu ile haikuwa kimya. Ilikuwa inaongea na mikono tu. Safari hii Kiganja hakufumba macho.

"Inazunguka," alisema. "Nenda."

King'ora alipanda kilima kwa muda uliompa nafasi ya nne kati ya kumi na moja, na kwa kelele zake aliposhuka ungedhani amepata ya kwanza. Katibu aliandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa ndani ya ndoo ya maji: "Namba tano: pakavu. Chai ni yangu."

Kiganja alimimina chai kwenye kikombe kilichobaki. King'ora alikuwa ameshavua glavu, ameziweka juu ya boneti, na akanyoosha mikono mitupu akingoja. Kiganja akasita. Akachukua kitambaa cha gereji, akakizungushia kikombe mara mbili, ndipo akampa.

"Taratibu, kiko moto."

"Wewe umejuaje?"

"Nimeambiwa na Katibu," alisema Kiganja.